Njia na Mandhari: Nchi ya Marenga Mkali katika Nathari ya Safari

Msomaji wa leo anayefungua Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mjini Göttingen mwaka 1901, aghalabu hupatwa na mshangao mmoja. Watu waliotunga habari hizo walikwenda kwa miguu katika nchi ambazo leo husifiwa kwa uzuri wake. Walivuka mito, walipanda milima, walilala porini. Lakini ni nadra kuwaona wakisimama ili waseme kwamba nchi inapendeza. Wanataja kambi walipotua, maji waliyoyakuta, chakula kilichouzwa, hongo iliyodaiwa, na jina la mahali pa kesho yake. Kisha huondoka. Hali haitofautiani sana katika maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mjini Berlin mwaka 1902 na 1903, na ambayo W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza yakatolewa kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959.

Kutokana na hayo ni rahisi kukata hukumu kwamba msafiri Mswahili wa karne ya kumi na tisa hakuiona nchi. Kwamba alikuwa na macho ya kuhesabu pembe na majora ya nguo tu, na kwamba habari ya uzuri wa milima na mabonde iliingia katika nathari ya Kiswahili pamoja na shule na vitabu vya Kizungu. Hukumu hiyo ina sehemu ndogo ya kweli na sehemu kubwa ya upotovu. Upotovu wake unatokana na kutafuta nchi mahali ambapo mwandishi hakuiweka. Huitafuta katika sifa, na mwandishi aliiweka katika majina, katika vitenzi, na katika desturi za mwendo.

Jambo kama hili halithibitiki kwa maneno ya jumla. Yafaa kuchukua kipande kimoja cha njia na kukipima. Kipande kinachofaa ni kile kinachotoka Mpwapwa, kikapita Chunyo, kikavuka nyika iliyoitwa Marenga Mkali, hata kikafika Mvumi katika mipaka ya Ugogo. Katika zama za misafara kilikuwa sehemu ya njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Makumi ya maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipita njia hiyo mwaka hata mwaka. Reli ya kati ilipojengwa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilipita bonde la Gulwe na kuuacha mji wa Mpwapwa kando. Na njia ya miguu ya kupitia Chunyo ikabaki mikononi mwa wenyeji. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda wa saa chache, nao huiona nchi ile kupitia kioo cha dirisha, ikiwa hawajalala. Watalii wengi huelekea kaskazini. Kwa hiyo nchi iliyokuwa ikipitwa na umati mkubwa kuliko karibu zote za bara imekuwa miongoni mwa nchi zisizotembelewa na wageni. Na hali yake ni ile ile: safu za Rubeho kwa nyuma, vilima vya mawe, mibuyu, miiba, udongo mwekundu, na anga pana isiyo na wingu kwa miezi mingi.

Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857, na kitabu cha Burton juu ya safari hiyo kikatoka London mwaka 1860 katika juzuu mbili. Burton alikuwa na jicho kali na kalamu nyepesi. Apandapo kilele husimama, huitandaza nchi chini ya macho yake kama zulia, hupanga rangi zake kutoka karibu kwenda mbali, kisha hutoa hukumu: hapa pazuri, hapa pabaya, hapa pangefaa kwa jambo fulani. Mary Louise Pratt, katika kitabu chake Imperial Eyes cha mwaka 1992, ameuchambua mtindo huo kwa kutumia maelezo ya Burton juu ya Ziwa Tanganyika, alilolifikia Februari 1858. Ameonyesha kwamba mwandishi wa namna hiyo husimama kama mwenye mali anayeitazama milki yake, na kwamba uzuri wa nchi na thamani ya nchi hutajwa kwa pumzi moja.

Lakini kuna jambo ambalo uchambuzi wa namna hiyo haukulitilia mkazo, nalo ni la lugha. Kitabu cha Burton kimejaa maneno ya msafara. Majina ya vituo, ya aina za ardhi, ya mizigo, ya vyeo vya wapagazi, ya nyakati za mwendo, yote aliyapokea kutoka kwa watu aliofuatana nao: kutoka kwa Said bin Salim, kiongozi wa msafara, kutoka kwa Sidi Mubarak Bombay, na kutoka kwa wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa. Yeye aliipaka nchi rangi. Mifupa yake aliikuta tayari imepangwa na watu wa njia. Basi kabla ya kusema kwamba watu hao hawakuiona nchi, sharti kuyatazama maneno yenyewe waliyoipa.

Tuanze na majina. Burton alilifasiri jina la Marenga Mkali kuwa maji ya chumvi. Katika Kigogo malenga ni maji, na mtu wa pwani, ambaye kwake malenga ni mtunzi wa mashairi, hangeweza kulijua hilo bila ya kuambiwa na wenyeji. Sasa upatanisho wa jina hilo unastahili kuangaliwa. Iwapo ‘marenga’ ingechukuliwa kuwa ni nomino ya maji, yenye kiambishi ma-, sifa yake ingekuwa makali, kama isemwavyo maji makali. Msafara haukusema hivyo. Ulisema Mkali. Maana yake ni kwamba watu wa njia walilitoa neno katika ngeli yake ya asili na kuliona kuwa jina la kitu kimoja kizima, nyika ile yenyewe, yenye tabia yake. Yamkini mvuto ulitoka kwa jina la pili, Mgunda Mkali, lililotumika kwa pori kubwa baina ya Ugogo na Tura, katika mpaka wa Unyamwezi. Huko upatanisho ni sahihi kabisa, kwa kuwa mgunda, neno ambalo katika lugha kadhaa za bara huwa na maana ya shamba, ni nomino ya m-. Majina mawili yakawekwa katika kalibu moja, mapori mawili yakawa ndugu wawili wakali, mmoja mashariki na mmoja magharibi mwa Ugogo.

Sifa yenyewe, -kali, ndiyo inayobeba uhakiki wa nchi. Kwa Kiswahili kisu ni kikali, jua ni kali, pombe ni kali, simba ni mkali, na mwalimu aweza kuwa mkali. Burton alilazimika kuigawa sifa hiyo: upande mmoja akafasiri kwa ladha ya maji, upande mwingine akafasiri kwa moto, akasema shamba la moto. Mswahili hakuwa na haja ya kuigawa. Neno moja lilibeba ladha ya maji, makali ya jua, ukali wa miiba, na ile tabia ya mahali pasiposamehe kosa. Tena Mgunda Mkali una kejeli ndani yake: ni shamba, lakini shamba lisilolimika, shamba linalokula watu badala ya kuwalisha. Huo ni uhakiki wa nchi uliofupishwa katika maneno mawili, na ulidumu midomoni mwa maelfu ya watu kwa sababu ulikuwa kweli.

Majina mengine yako katika hali hiyo hiyo. Rubeho, ambayo Burton aliieleza kuwa kipito cha upepo, lina shina ambalo ni ndugu wa upepo wa Kiswahili, na katika Kigogo husikika katika mbeho, yaani upepo wa baridi. Mtu atokaye pwani akiwa na shuka moja, akipanda safu hiyo usiku, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Chunyo, mahali palipokuwa pa mwisho pa kuteka maji kabla ya kuingia nyikani, palijulikana kwa maji yake mabaya yenye magadi. Na sikio la mtu wa pwani husikia katika jina hilo neno lake mwenyewe, chunyu, ule utando wa chumvi unaobaki mwilini baada ya kuoga baharini. Msafiri aandikapo kwamba walitoka Mpwapwa wakafika Chunyo, kisha Marenga Mkali, kisha Mvumi, hajaandika orodha tupu. Amewapa wasomaji wanaojua majina hayo maji matamu, maji mabaya, kukosa maji, na kufika penye watu.

Jambo la pili ni la vitenzi na desturi za mwendo. Siku ya kawaida ya msafara ilianza alfajiri na kumalizika kabla ya jua kuwa kali sana, watu wakatua, wakajenga kambi, wakapika. Siku ya nyika isiyo na maji ilipangwa kwa namna nyingine. Watu walipika na kula mapema, wakanywa hata wakatosheka, wakajaza vibuyu, wakaondoka kiasi cha saa saba au saa nane mchana, jua likiwa bado utosini. Walikwenda mpaka usiku, wakalala pasipo maji, wakaamka kabla ya mapambazuko, na asubuhi wakayafikia maji ya upande wa pili. Mwendo huo uliitwa tirikeza, na wasafiri wa Kizungu waliliandika neno hilo kama lilivyo kwa sababu lugha zao hazikuwa na la kulingana nalo. Halifai kusomwa kwa maana ambayo msomaji wa leo huijua katika telekeza, yaani kutupa kitu bila ya kukijali. Tirikeza ilikuwa elimu nzima iliyofungwa katika neno: umbali wa maji, uwezo wa kibuyu, nguvu ya mgongo wenye mzigo, na tofauti ya jua la saa saba na jua la saa nne. Stanley, aliyepita mwaka 1871, alilihesabu pori la Marenga Mkali kuwa zaidi ya maili 30, ambazo msafara wake ulipaswa kuzimaliza kwa muda wa saa 36. Alichohitaji kukieleza kwa hesabu, Mswahili alikisema kwa kitenzi.

Ndipo ilipo nguvu ya nathari hiyo, na ndipo pia linapotokea kosa la wasomaji wake. Mwandishi akiandika kwamba siku fulani walitirikeza, ameichora nchi yote. Ameandika ukame wake, upana wake, joto lake la mchana na usiku wake usio na moto wa kupikia. Asiyejua neno hupita juu yake kama apitavyo juu ya tarehe.

Kadhalika hongo. Katika habari za safari, kurasa nyingi huenda katika majadiliano ya hongo, hasa huko Ugogo, na msomaji wa sasa huchoka na hesabu za nguo na shanga. Lakini hongo ya Ugogo ilikuwa nzito kwa sababu za ardhi. Nchi ni kame, visima na maziwa ya mvua ni machache, na kila kimoja kina mwenyewe. Msafara wa mamia ya watu wenye kiu hauwezi kukizunguka kisima. Mtemi aliyeshika maji alishika njia. Kwa hiyo msafiri asemapo kwamba walikaa siku kadhaa wakibishana juu ya hongo, anaeleza pia kina cha maji. Nchi yenye mito mingi haizai majadiliano ya namna hiyo. Hapa mandhari ya Ugogo yameandikwa katika lugha ya biashara na siasa, na atakayeyataka sharti asome lugha hiyo.

Jambo la tatu ni la sarufi. Nathari ya safari husukumwa na kiambishi -ka-: tukaondoka, tukafika, tukalala, tukaamka. Wahakiki wa mitindo huweza kuuona mfululizo huo kuwa umaskini, na mfasiri wa Kiingereza hulazimika kutia viunganishi na vituo ili usichoshe. Walakini -ka- ina kazi ambayo viunganishi haviwezi kuifanya. Huonyesha kwamba kila tendo limejengwa juu ya lile lililotangulia, kama hatua ijengwavyo juu ya hatua. Mandhari yanayotazamwa huwapo yote kwa wakati mmoja; nchi inayotembewa huja kipande kwa kipande, na kipande cha pili hakipo mpaka cha kwanza kipitwe. Kiambishi -ka- ndicho sura ya kisarufi ya njia. Pamoja nacho huenda ule utaratibu wa mahali ambao Kiswahili kimepewa kwa ukarimu: pa- ya mahali panapojulikana, ku- ya upande au eneo lisilo na mpaka, mu- ya ndani. Pana maji, kuna maji, na mna maji si kauli moja. Ya kwanza humpeleka mpagazi penye kisima. Ya pili humwambia tu kwamba upande ule haukosi maji. Ya tatu humtaka achungulie ndani ya shimo au ufa wa mwamba. Kwa mtu mwenye kiu tofauti hiyo ni kubwa. Mwanafunzi afundishwaye viambishi hivyo darasani kwa mifano ya kitabu juu ya meza na kalamu ndani ya sanduku hapati kujua kwamba utaratibu huo ulipimwa na kunolewa katika nchi kama Marenga Mkali.

Labda mtu atapinga, aseme kwamba haya ni kuitetea kasoro kwa hila. Kwamba kukosa maelezo ni kukosa maelezo. Jibu la pingamizi hilo limo ndani ya mkusanyo wa Velten wenyewe. Salim bin Abakari, mwenye asili ya Ngazija, alifuatana na Dakta Bumiller mwaka 1896 katika safari ya Urusi na Siberia, naye akaiandika kwa Kiswahili. Huko, penye baridi na farasi, na watu kama Wakirgizi na Wakalmiki, maelezo hayakosekani: jinsi watu wanavyokaa, wanavyokula, wanavyovaa. Kiswahili ni kile kile, wakati ni ule ule, mhariri ni yule yule. Kilichobadilika ni ujuzi wa msikilizaji. Hakuna mtu wa barazani Bagamoyo aliyeijua Siberia, kwa hiyo ilibidi ielezwe. Na karibu kila mtu wa barazani alikuwa na ndugu, rafiki au mdai aliyevuka Marenga Mkali, kwa hiyo kuitaja kulitosha. Ukimya juu ya nchi ya karibu ni adabu ya msimulizi kwa wanaojua. Ni kweli kwamba habari hizo ziliandikwa kwa ombi la mhariri wa Kijerumani na zikasomwa na Wajerumani waliojifunza Kiswahili. Lakini mazoea ya kusimulia hayabadiliki kwa siku moja kwa sababu karatasi imewekwa mbele ya mtu.

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kuzisifu kazi hizi na kuficha aibu zake. Nathari inayoiandika nchi kwa njia ya mwendo huiandika kwa miguu ya mtu fulani, na lazima kuuliza ni miguu ya nani. Tukalala, asema mwandishi. Lakini ndani ya nafsi hiyo ya wingi wamo mwenye mali aliyelala hemani, mpagazi aliyelala juu ya mzigo wake, mwanamke aliyebeba chungu na mtoto, na mateka aliyelala na mnyororo shingoni. Kiambishi tu- huwafunika wote kwa shuka moja. Tippu Tip husimulia bila ya haya jinsi alivyowakamata Wazaramo waliotoroka na mizigo, akawatia minyororo ili waendelee na safari. Nchi waliyoiona Wazaramo hao haikuwa nchi aliyoiona yeye, nao hawakuandika. Kibuyu kilichoyavusha maji ya Marenga Mkali kilikuwa mgongoni mwa mtu, na aliyekibeba huenda hakuwa wa kwanza kukinywea. Yule anayezichukua habari hizi kuwa ndiyo sauti ya Mwafrika juu ya nchi yake hukosea kama yule anayesema hazina nchi kabisa. Ni sauti ya watu wa pwani na wafanyabiashara wa bara, yenye elimu iliyokusanywa na wapagazi ambao wao wenyewe hawakupewa kalamu. Hata neno tirikeza, lililosifiwa hapo juu, wenye mali walilitamka na wapagazi walililipa.

Swali hili lina uzito hata sasa, kwa kuwa nathari ya safari ya Kiswahili haijafa. Imehamia katika vipeperushi, vipindi vya redio, magazeti na matangazo ya utalii, na humo neno linalotawala ni mandhari. Asili yake ni Kiarabu, katika shina la kutazama, ambalo Kiswahili kimepata pia nadharia. Neno si baya, na lugha ililihitaji. Lakini katika matumizi ya siku hizi limeoana na sifa mbili tatu, ya kuvutia, ya kupendeza, ya kipekee, kiasi kwamba nchi zote zimekuwa nchi moja. Sentensi kama, ‘Eneo hili lina mandhari ya kuvutia,’ yaweza kuwekwa juu ya Rubeho, juu ya Usambara, juu ya Kitulo au juu ya kisiwa chochote, nayo isikosee wala isiseme kitu. Ilinganishwe na sentensi ambayo mtu wa njia angeitoa: ‘Kutoka Chunyo hapana maji, mtatirikeza, mtalala nyikani, kesho asubuhi mtayakuta Mvumi.’ Sentensi hii haina sifa hata moja, na haiwezi kuhamishwa kwenda mahali pengine popote duniani.

Mabadiliko ya neno mbuga yanaonyesha hatari iliyo ndani yake. Kwa watu wa Unyamwezi na nchi za jirani, mbuga ni bonde tambarare la udongo mweusi ambalo hujaa maji wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi. Hulishwa ng’ombe, na penye maji ya kutosha hulimwa mpunga. Ni nchi yenye majira na wenyewe. Katika lugha ya utalii, mbuga imekuwa mahali pa wanyama, na mbuga ya wanyama imekuwa mahali ambapo mtu ni mgeni au mlinzi tu. Neno limebaki, mkulima na mchungaji wametolewa ndani yake. Hakuna aliyekaa akakusudia jambo hilo; limetokea kwa kuandika nchi kwa jicho la anayepita garini. Lakini lugha ikizoea kuiona nchi bila ya watu, si vigumu kwa wakuu wa mipango kuizoea vivyo hivyo.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na miongoni mwa vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jambo hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo orodha ni ya vituo, na baina ya Mpwapwa na Kilimatinde imo nchi yote iliyozungumzwa hapa, ambayo haina jengo la kuonyesha. Urithi wake ni wa maneno na wa maji. Siku itakapohitajika kuandikwa maelezo ya njia hiyo kwa Kiswahili, waandishi watakuwa na mitindo miwili mbele yao. Wakiandika mandhari ya kuvutia, watakuwa wametafsiri kipeperushi. Wakiandika kwa elimu ya misafara, watamwambia mgeni mahali alipo, jinsi watu walivyopavuka, nani alibeba nini, na kwa nini jina la mahali ni kali.

Ili mtindo wa pili uwezekane, kazi mbili zafaa kufanywa na wataalamu wa lugha. Ya kwanza ni kuzisoma upya habari za safari pamoja na maelezo ya ardhi: kila kituo kielezwe maji yake, umbali wake, ngeli na maana ya jina lake katika Kigogo, Kisagara, Kikaguru au Kinyamwezi, na msamiati wa mwendo ufafanuliwe kwa kazi yake wala si kwa kisawe cha neno moja. Ya pili ni kuwauliza wenyeji wa Chunyo, wa Mvumi na wa vijiji vya kando ya njia namna wanavyozitaja aina za udongo, za visima, za vichaka na za majira. Maana waliobaki baada ya misafara kukoma ndio walioirithi nchi hiyo na maneno yake. Katika kazi hiyo mtafiti ataweza kukuta pia upande wa pili wa hongo: jinsi mwenye kisima alivyomwona mgeni mwenye kiu akija na nguo, bunduki na kelele.

Safari za Wasuaheli na maisha ya Tippu Tip vitabaki kuwa vitabu vigumu. Vina elimu kubwa ya nchi na upofu mkubwa juu ya baadhi ya watu, na mara nyingi viwili hivyo hukaa katika sentensi moja. Mhakiki hana ruhusa ya kuchukua kimoja na kuacha cha pili. Lakini lile shtaka la kwanza, kwamba watu hao walipita katika nchi nzuri wasiione, lingefaa kuondolewa katika mafundisho ya fasihi. Waliiona kwa ukali kuliko wengi waliowafuata, kwa kuwa atakayekosea kuiona Marenga Mkali hakukosa sifa ya uandishi, alikosa maji.